Kumwitikia Bibi

Mtaa ulipata kikosi cha mgambo kabla ya kupata mtaro wa maji machafu, na mtaro wenyewe bado unasubiriwa. Kila mwanamume ambaye magoti yake hayajamgomea alikuwa askari wa kikosi. Wanawake nao walikuwamo, ila wao waliitwa kitengo cha huduma, maana yake wachemshe chai. Fundi makochi alijiunga kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imeketi chumba cha nyuma nyumbani kwake, ikisikiliza redio kwa sauti iliyowatosha na majirani.

Huyo alikuwa mama yake. Nyonga zilikuwa zimemwacha mkono zamani. Kutoka kitandani hadi kitini alifika mwenyewe, kwa kushika ukuta na kwa maneno makali, lakini kutoka kitini hadi barabarani palihitajika watu. Nyumba yao ilikwenda chumba nyuma ya chumba kama mabehewa: mbele karakana, katikati chumba cha fundi na mkewe, mwisho chumba cha Mama. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, wa karakana. Na karakana ilijaa vile vitu ambavyo fundi makochi hawezi kuishi bila hivyo: sponji, gundi kwenye madebe, mbao kavu, vitambaa, na makochi ya watu yanayongoja zamu.

Fundi alijua sponji inavyowaka. Siku moja mteja alidondosha kijiti cha kiberiti juu ya kipande kisichozidi kiganja, na kabla mteja hajamaliza kusema samahani, kipande kilikuwa kimegeuka uji mweusi unaonuka. Toka hapo fundi hakulala vizuri. Moto ukizuka, nani atamtoa Mama? Yeye peke yake hamwezi, kwani mama huyu alikuwa mwanamke wa kimo na uzito, na alijivunia vyote viwili. Mkewe ana mgongo mbovu. Ndiyo maana mgambo walipotangaza kwamba kazi yao ni wezi pamoja na majanga, fundi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliamini amejipatia watu wa kumbeba mama yake. Alichojipatia ni vikao.

Kikosi kiliongozwa na mtu aliyeitwa Kamanda hata na mkewe. Kamanda alikuwa askari kweli ujanani, hilo halina ubishi, ingawa utumishi wake wote aliumaliza kwenye stoo ya mablanketi. Huko alitoka na mgongo ulionyooka, saa ya kupimia muda iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na imani kwamba hakuna janga linaloshindikana likishapangwa mstari na kuhesabiwa. Mablanketi yalikuwa yamemkubalia. Aliona hakuna sababu watu wakatae.

Haki ni haki. Tangu kikosi kianze kuzunguka, sufuria iliyoachwa uani ikauke ilibaki kuwa sufuria ya mwenyewe. Wezi walihamia mtaa wa pili, ambako nako wanaunda kikosi. Kweli, waliwahi kumkamata msoma mita za maji na kumkalisha chini akihojiwa hadi akasahau namba alizokuja kusoma. Na kikao cha kuamua rangi ya vizibao vya kung'aa kiliendelea hadi mvua ikawatawanya, kikaahirishwa, kikarudi, na mwishowe vikanunuliwa vya rangi ile iliyokuwapo dukani. Fundi alivumilia yote. Alikuwa anangoja agenda ya moto.

Agenda ya moto ilikuja na filimbi. Filimbi moja ndefu, mwizi. Filimbi tatu fupi, moto. Ukisikia tatu, acha ulichoshika, toka, nenda kwenye kizuizi. Kizuizi kilikuwa mti uliopakwa rangi, umelazwa juu ya mapipa mawili kwenye mdomo wa mtaa, kabla ya kona. Hapo watu hujipanga kwa nyumba. Kamanda huita kila nyumba kwa kichwa, hakosei hata mtoto wa juzi, na kila mtu huitika. Akiitika wa mwisho, Kamanda hubonyeza saa. Na sheria moja ilisimama juu ya nyingine zote: mstarini hakuna maneno mpaka hesabu iishe.

Zoezi la kwanza lilifanywa Jumamosi asubuhi. Filimbi zikalia, mtaa ukamiminika, Kamanda akaita, watu wakaitika kwa sauti za kijeshi ambazo hakuna aliyewafundisha. Akafika nyumba ya fundi.

"Fundi makochi."

"Nipo."

"Mke wa fundi."

"Nipo."

"Bibi."

Fundi akakohoa. "Mama yuko ndani, Kamanda. Nilidhani hapo ndipo zoezi linapoanzia."

Kamanda akatazama saa yake, ambayo haikuwa na huruma. Askari wawili wakatumwa. Mtaa mzima ukasimama juani ukiwangoja. Ikasikika sauti ya Mama kutoka ng'ambo ya kona, kwanza ikiuliza wao ni watoto wa nani, kisha ikiuliza kama mama zao wanajua wanavyoingia vyumbani mwa watu bila hodi. Askari wakarudi mikono mitupu. Mmoja alikuwa amemwagiwa chai.

Kamanda akabonyeza saa na kuitazama kama mtu aliyeonyeshwa matokeo ya hospitali.

Kikao cha tathmini kilikuwa kifupi kuliko vyote. Kamanda alieleza kwamba muda wa mtaa umeharibiwa na mtu mmoja, na kwamba ofisi ya juu hupima mitaa kwa muda. "Bibi tunamheshimu," alisema. "Na kumheshimu ni kutomsumbua. Kwenye mazoezi aitikiwe."

"Aitikiwe na nani?" fundi akauliza.

"Na mwanawe. Wewe ukisema yupo, nani atabisha?"

"Kamanda, mimi nimejiunga ili Mama abebwe. Hilo la kuitika naweza kulifanya nikiwa kwangu."

"Kumbeba ni siku ya tukio lenyewe. Siku hiyo kila mtu atakuwa na nguvu zake na za ziada," alisema kinyozi, na watu wakacheka, wakapiga makofi, jambo likapita.

Kinyozi huyu alikuwa mkuu wa kitengo cha moto. Saluni yake ilipakana na karakana ya fundi, ukuta mmoja, paa moja. Alichaguliwa kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na mtungi wa kuzimia moto, aliourithi kutoka kwenye basi lililokufa. Ndani ya saluni, soketi moja ukutani ilizaa ekstensheni, ekstensheni ikazaa nyingine, na kutoka hapo zikapata uhai mashine za kunyolea, feni, televisheni, taa za rangi na chaja za simu za watu wasionyolewa. Fundi aliwahi kumwambia ule waya unapata moto. Kinyozi aliushika, akasema, "Huu ni uvuguvugu tu, jirani."

Basi Jumamosi baada ya Jumamosi fundi alisimama mstarini, na Kamanda alipoita "Bibi," alijibu "Yupo." Mwanzoni alijibu kwa uchungu. Baadaye kwa uchovu. Mwishowe alijibu kama mtu anavyosema asante kwa kondakta, bila kujua kama amesema. Kila baada ya zoezi alikumbusha kuhusu kumbeba Mama, na kila mara alijibiwa kwamba limo kwenye mipango. Nyumbani alimaliza hasira kwa mkewe.

"Ni watu wa filimbi tu. Wanacheza gwaride. Siku moto ukija wataupigia saluti."

"Na wewe je?" Mama akauliza kutoka chumba cha nyuma, maana masikio yake hayakuwa na tatizo la nyonga. "Njia yangu umeipanga makochi mpaka paka anapita kwa kuomba. Na hiki kiti changu sponji inachungulia nje, nakaa juu yake kama mama wa fundi makaburi, si wa fundi makochi."

"Makochi yanaondoka kesho, Mama. Kiti nitakishona."

"Kesho ipi, mwanangu? Nijiandae."

Kiti hicho fundi alikuwa amekitengeneza kwa mikono yake, kipana, cha mbao nzito, humo humo chumbani, na ndicho kiti pekee mtaani chenye fundi wake ndani ya nyumba na chenye tundu pembeni.

Ikasemekana ofisa kutoka ofisi ya juu atakuja kutazama zoezi. Kamanda akawa hashikiki. Akatangaza kwamba kabla ya ugeni huo atapiga zoezi la kushtukiza, siku yoyote, na mtaa utakaozembea utajijua wenyewe. Mtaa ulikuwa mmoja, lakini wote walielewa.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki, jua limesimama. Fundi na muuza mkaa walikuwa wanasukuma mkokoteni wenye kochi la mteja. Muuza mkaa alikuwa jirani wa upande wa pili, mtu mpana asiyependa maneno, ambaye kwenye kikosi hakupewa cheo chochote kwa kuwa hakuwahi kuomba. Walikuwa wamekipita kizuizi hatua chache filimbi zilipolia. Tatu fupi.

"Leo si Jumamosi," alisema muuza mkaa.

"Kushtukiza," fundi akasema, na akasonya msonyo mrefu. Mteja anangoja, jua linachoma, na yeye akacheze gwaride. Lakini aliacha mkokoteni katikati ya barabara na kwenda mstarini. Asipokwenda, atajadiliwa kwenye kikao, na alikuwa radhi kupoteza mteja kuliko kukaa kikao kingine.

Watu walifika mbio. Kinyozi alifika akihema, filimbi ingali mdomoni, jasho limemchora mashavu, akajipanga mahali pake. Akafungua mdomo. Kamanda akainua kidole. Kinyozi akaufumba, kwa sababu yeye ni mkuu wa kitengo na sheria anaijua kuliko wengine.

Kamanda hakuwa ameipiga filimbi hiyo. Hilo lilimshangaza kidogo, alikiri baadaye, lakini aliwaza kwamba mkuu wake wa kitengo cha moto amepata ari. Saa ilikwishaanza kutembea. Akaanza kuita. Hawakuwahi kuitika vizuri namna ile. Nyumba zilipita kama shanga kwenye uzi.

"Fundi makochi."

"Nipo."

"Mke wa fundi."

"Yuko sokoni."

"Bibi."

"Yupo," alisema fundi.

"Kinyozi."

"Nipo, Kamanda," alisema kinyozi. "Na moto upo. Uko kwangu, juu ya dari, unakwenda upande wa fundi."

Kamanda akabonyeza saa. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe, wa mwisho alikuwa ameitika. Ulikuwa muda bora kuliko wowote uliowahi kupatikana.

Wakati huohuo mke wa fundi alikuwa anainama kupita chini ya kizuizi, kapu la mboga mkononi. Alitazama mstari, akamtazama mumewe, akahesabu kwa macho.

"Mama mmemweka wapi?" akauliza.

Fundi alifungua mdomo ili ajibu, na jibu pekee lililokuwamo lilikuwa lile alilokwisha kulitoa. Akalisikia sasa, kwa sauti yake mwenyewe, likiwa limesimama mstarini mahali pa mama yake. Alikimbia.

"Msivunje mstari," Kamanda akasema, akasikia alichosema, akakimbia naye, saa ikimpiga kifuani.

Ng'ambo ya kona moshi ulikuwa umeshika paa lote la saluni, na mabati ya karakana yalianza kulia kwa joto. Mlangoni kulikuwa na kochi la watu watatu, limewekwa pale asubuhi lipigwe upepo gundi ikauke. Nyuma yake lingine. Nyuma yake viti viwili vimepandiana. Fundi alilivuta la kwanza, likakwama kwenye fremu ya mlango, mguu ndani mguu nje, kama mgeni asiyejua aingie au aage. Kwa mara ya kwanza maishani alilitukana kochi. Muuza mkaa akamsogeza kwa bega bila kusema lolote, akalipiga teke kochi la mtu aliyelipia, likatoka na mguu mmoja pungufu. Wakavurumisha mengine barabarani. Cheche zilikuwa zinashukia pembe ya karakana iliyojaa sponji.

Mlango wa Mama ulikuwa umefungwa. Chini yake palisukumiziwa shuka lililoloweshwa. Walipousukuma walimkuta ameketi kitini, kitambaa chenye maji puani, jagi tupu mapajani, redio imezimwa. Fundi hakuwahi kuiona redio ile imezimwa.

"Mmechelewa," alisema Mama.

"Mama, twende."

"Filimbi nimeisikia. Nikajua mko mstarini."

Wakashika kiti, mmoja huku mmoja kule, wakamwinua na kiti chake, wakafika mlangoni na kugundua jambo ambalo zoezi moja tu lingewaonyesha: kiti hakipiti. Fundi alikigeuza kushoto, akakigeuza kulia. Alikuwa amekitengenezea ndani, hakukipitisha mlangoni hata siku moja.

Muuza mkaa akakiweka chini, akageuka, akachuchumaa na kumpa Bibi mgongo. "Panda."

"Mimi si gunia."

"Gunia halina maneno, Bibi. Panda."

Akapanda. Muuza mkaa akasimama naye kama anavyosimama kila siku na mzigo mzito kuliko huo, akapita karakana ameinama, fundi nyuma ameshika miguu ya mama yake isigonge mbao, na Mama njia nzima akielekeza wapi wakanyage. Walipotokeza nje, pembe ya sponji ikashika nyuma yao kwa mlio kama wa kitambaa kikichanwa.

Hapo fundi aliona kitu ambacho hakukitarajia. Mstari ulikuwa umejipanga upya, kutoka bombani hadi saluni, nyumba kwa nyumba, kwa utaratibu uleule wa kizuizini, na ndoo zilikuwa zinakwenda mkono kwa mkono bila mtu kugongana na mwenzake. Mtungi wa basi ulikohoa mara moja ukanyamaza. Lakini ndoo hazikunyamaza. Kamanda alikuwa amesimama juu ya kochi lenye miguu mitatu akiita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilivyoitwa ilileta maji. Saluni ilikwenda yote. Karakana ilipoteza pembe moja, paa nusu, na sponji ya msimu mzima. Chumba cha Mama kilinusurika, na kiti chake, na tundu lake.

Kesho yake Kamanda alikuja kutoa pole. Aliketi kwenye kochi lililolowa, na kwa heshima hakuinuka.

"Muda ulikuwa mzuri," alisema.

"Muda upi, Kamanda?"

"Wa mstari."

Fundi alikuwa amelala na hotuba nzima kifuani. Alikuwa amepanga kuanzia kwenye vizibao, apitie msoma mita, afike kwenye waya wa kinyozi, amalizie na saa. Lakini hotuba ilikuwa na shimo katikati, na yeye ndiye aliyelijua.

"Niliitika mimi," alisema. "Nilimwacha ndani, nikasema yupo."

"Sisi ndio tuliokupa neno hilo," alisema Kamanda, akachezea kamba ya saa yake.

"Mkimaliza kugombania nani aliniacha," sauti ikatoka chumba cha nyuma, "mniambie Jumamosi mnakuja saa ngapi kunichukua. Na tangu leo asiniitikie mtu. Mdomo ninao."

Kamanda alieleza kwamba Jumamosi ndiyo siku ya ofisa.

"Basi atanikuta," alisema Mama.

Na alimkuta. Filimbi tatu zililia, mtaa ukamiminika kizuizini, Kamanda akaita. Ofisa, kijana mwenye viatu safi, alisimama pembeni akitazama saa ya Kamanda kwa kuiba. Fundi hakuwamo mstarini. Muuza mkaa naye hakuwamo. "Bibi," Kamanda akaita, na hakuna aliyefungua mdomo. Saa ikatembea. Ofisa akakohoa. Jua likapanda mabegani mwa watu.

Hatimaye wakatokea kwenye kona, Mama juu ya mgongo wa muuza mkaa, fundi nyuma amebeba kiti kichwani. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umepanuliwa kwa msumeno, na kwenye karakana hapakuwa na kochi hata moja njiani, maana yote yalikuwa barabarani yakikauka. Mama alikuwa anamwambia muuza mkaa aache kukimbia, yeye si habari mbaya.

"Bibi," Kamanda akarudia.

"Ngoja nikae," alisema Mama. Fundi akashusha kiti, muuza mkaa akamshusha Bibi, Bibi akajirekebisha, akanyoosha nguo, akatazama mstari wote kutoka kichwani hadi mkiani. "Nipo," alisema. "Kinyozi yuko wapi?"

"Nipo, Bibi," akasema kinyozi. Sasa alikuwa ananyolea kibarazani kwa ndugu yake.

"Ule waya umeutupa?"

Kinyozi akamtazama Kamanda. Kamanda akatazama saa, ambayo ilikuwa ingali inatembea, maana hakuna aliyekumbuka kuizuia.

"Kipande kilichobaki kizima nimekiunga tu, Bibi," alisema kinyozi. "Kwa muda."

Fundi makochi alishika tama. Ofisa akauliza kama zoezi limekwisha.

"Bado," alisema Mama. "Sijarudishwa."